Siku moja na wazee ninaowahudumia majumbani hapa Moshi

Saa kumi na moja na nusu nishaamka, chai ya rangi, daladala. Nyumba ya kwanza ipo Pasua, babu wa watu hana neno, namuogesha, dawa, uji, stori mbili tatu naondoka.

Saa tatu nipo Rau kwa bibi. Majirani wakiniona na begi wanasema "hausigeli wa bibi kafika". Haya. Hausigeli huyu anampima bibi presha akiwa amelala, alafu anamsimamisha kashika kitanda, anasubiri dakika moja anapima tena. Leo kalala 146, kasimama 119. Ile ya juu ikishuka 20 na zaidi mtu akisimama ndo hicho kizunguzungu anacholalamikia akiamka usiku kwenda chooni, hajalogwa na mtu. Nikaandika kwenye daftari lake la kliniki daktari aone, alafu tukarudia zoezi: kaa ukingoni mwa kitanda, chezesha nyayo, tulia, ndo unyanyuke. "Na mkojo nao utatulia?" Tukakubaliana kopo likae karibu na kitanda.

Fundi alisema saa nne anakuja kufunga bomba la kushikilia chooni. Saa nne ipi sijui. "Dada nipo hapa Kiboriloni naingia sasa hivi", saa tano Kiboriloni, saa sita Kiboriloni, nikawa najiuliza Kiboriloni ina ukubwa gani jamani. Kafika tu, drili iko mkononi, mtoto wa bibi akapiga video kutoka Dar. "Dada usinitobolee marumaru, si kuna chuma cha taulo hapo ashike?" Nikamsogezea simu aone, hicho chuma kimeshikwa na skrubu fupi na upande mmoja ushaanza kucheza, kiliwekwa kibebe taulo sio mama wa kilo 70. Akasema ngoja afikirie. Kaka, mama yako choo hakimsubiri ufikirie! Akahamia kwenye zulia, eti mbona nimelikunja na alilileta Krismasi, nikamwambia kona zimeinuka na bibi anaburuza mguu, tukabishana weee mpaka bando likamkatikia. Bibi alikuwa kimya muda wote, akamgeukia fundi: "Toboa. Nyumba ni yangu."

Nikamkalisha kwenye choo, bibi nyanyuka kama siku zote, mkono ulipokimbilia ukutani fundi akapiga alama ya penseli hapo hapo. Fisha ndefu, zile plastiki za kushikia skrubu ukutani, zipite marumaru zikae ndani ya tofali. Nikaning'inia mimi kwanza. Hakijapasuka kigae hata kimoja.

Majengo nimefika giza linaingia, mgongo hauna hali, umeme umekatika, babu wa pale kanuna kisa nimechelewa kumkandia magoti na ana haki.

Nimefika kwangu nakuta meseji kutoka Dar, "nimeona picha, sio mbaya, na bafuni uweke." Hela hajatuma. Fundi ndo ananigongea mlango sasa hivi, na kwenye kudai huyu hachelewagi.