Kumjua anayeshikilia jedwali

Hifadhidata niliyokabidhiwa katika chama kimoja cha akiba na mikopo ilikuwa ya PostgreSQL, programu ya kusimamia hifadhidata, na wote, kuanzia makarani wa mikopo hadi programu inayowatumia wanachama salio lao, walikuwa wakiingia kwa jina moja na nywila moja. Hata hivyo, malalamiko niliyopokea hayakuhusu usalama. Yalihusu mfumo kuganda, hasa mwisho wa mwezi.

Ulipoganda nikiwapo, nilifungua pg_stat_activity, inayoorodhesha kila kipindi, yaani muunganisho wa mtumiaji na hifadhidata, pamoja na hoja (ombi) yake. Hoja nyingi fupi za kusoma zilikuwa zimepanga foleni nyuma ya amri moja ya kuongeza safu kwenye jedwali la mikopo, na amri hiyo nayo ilikuwa ikisubiri. Nilipouliza pg_blocking_pids, inayotaja vipindi vinavyozuia kingine na iliyopo tangu toleo la 9.6, nilionyeshwa kipindi kisichofanya kazi yoyote: mtu alifungua muamala, yaani mfululizo wa hoja unaohesabiwa kuwa kazi moja, akasoma jedwali, kisha akaondoka bila kuufunga. Kila anayetumia jedwali hulishikilia kwa kufuli hadi muamala wake ufungwe. Kufuli la msomaji ni jepesi na halimzuii msomaji mwenzake, lakini ALTER TABLE, yaani ile amri ya kuongeza safu, hudai kufuli lisilokubali mwenza, na kwa kuwa foleni huheshimiwa, wasomaji waliofika baadaye walikwama nyuma yake. Kutumia pg_cancel_backend kusingefaa, maana hiyo hukatiza hoja inayoendelea na hapo hapakuwa na hoja. Nilikata kipindi chenyewe kwa pg_terminate_backend. Nani alikuwa amekifungua, sikuweza kujua, kwa sababu jina lilikuwa lilelile la wote.

Kwa hiyo nilianza na majina. Nilitengeneza makundi yasiyoweza kuingia yenyewe, la kusoma, la kuandika na la kubadili muundo, kisha kila mtu na kila programu ikapata jina lake ndani ya kundi linaloifaa. Hapa ALTER DEFAULT PRIVILEGES, amri ya kupanga ruhusa mapema, huwachanganya wengi: ruhusa zake huhusu majedwali yatakayoundwa na mtumiaji aliyetajwa tu, si yaliyokwisha kuwapo wala ya mtu mwingine.

Ukaguzi niliuweka kwa pgAudit, nyongeza ya PostgreSQL inayorekodi nani alifanya nini, ambayo hulazimu seva kuwashwa upya. Sikukubali kurekodi kila kitu, kwa sababu kumbukumbu zisizosomeka hazimkagui mtu. Nilichagua jedwali la mikopo na la wanachama pekee. Pia niliwasha log_lock_waits, ili anayesubiri kufuli kwa zaidi ya sekunde 1 aandikwe.

Mwisho nikaweka mipaka ya muda: muamala wa mtumiaji wa kawaida ukikaa kimya dakika 5, idle_in_transaction_session_timeout hukikata kipindi, na anayebadili muundo hungoja kufuli kwa sekunde 5 tu kabla ya amri yake kushindwa. Mipangilio hii hairithiwi kutoka kwenye kundi, hivyo niliiandika kwa kila jina.

Haukupita muda mrefu, kumbukumbu zikamtaja mwandaaji mmoja wa ripoti.

“Lakini kaka, mimi nasoma tu, sibadilishi kitu,” aliniambia.

Nilimwonyesha kwamba programu yake ya ripoti ilikuwa imezimwa autocommit, yaani mpangilio wa kufunga muamala wenyewe kila hoja inapokwisha, kwa hiyo kila alipofungua ripoti ilianzisha muamala na kuuacha wazi hadi atakapobonyeza kitufe ambacho hakuwahi kukigusa. Tuliurudisha mpangilio huo palepale, kisha nikapita kwa wenzake wanaotumia programu hiyohiyo.