Mbuzi Niwafunge Wapi

Mwaka 2015 nilikuwa Goma, naandaa kazi ya kumalizia chuo kuhusu mazuku. Watoto wa Bulengo na Lac Vert wanalijua neno hilo mapema: kaboni dioksaidi inayotoka kimya kwenye nyufa za makoro, yaani mawe ya volkano, haina rangi wala harufu, nzito kuliko hewa, hutulia mabondeni kama maji. Ikizidi asilimia 10, mtu huzimia baada ya muda mfupi tu.

Profesa alikuwa ameupitisha mpango wangu: vituo 20, ramani, majedwali, vipimo kati ya saa nne na saa nane mchana. Saa hizo nilizichagua kwa sababu pikipiki zilipatikana.

Siku ya kwanza mama mmoja alinikuta ukingoni mwa shimo, kifaa nimekishika usawa wa kifua. Alikuwa na bidoni ya maji mgongoni, kamba imembana kwenye paji la uso. Akaniuliza nimepata ngapi. Karibu sifuri, nikamjibu.

"Mwanangu, mazuku hayaji saa hizi. Yanakuja usiku mpaka alfajiri, upepo ukilala. Na mbuzi hapumui kwenye kifua chako." Akalitazama daftari. "Hizo namba utampa nani? Mimi nataka kujua mbuzi niwafunge wapi."

Sikuwa na jibu, na iliniuma. Katika utangulizi wote niliouandika, hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye vipimo vyangu vingembadilishia chochote. Nilimtaja profesa, nikataja maktaba.

Nilirudi chuoni kuomba kubadilisha mpango: vituo 7 tu, alfajiri, mahali watakapoonyesha wenyeji. Profesa alisita, akisema vituo vichache vitadhoofisha ulinganisho. Alikuwa na haki yake, lakini nilishikilia, akakubali.

Saa kumi na moja alfajiri tulifunga mrija wa kifaa kwenye ufito mrefu, tukaushusha taratibu bila mtu kukanyaga shimoni. Juu, kimya. Katikati, namba zikaanza kupanda. Karibu na chini kifaa kikalia mfululizo. Mama hakuziangalia namba. Alifunga kitambaa chekundu kwenye ufito, pale kelele zilipoanzia, akaubeba hadi nyumbani, akausimamisha uani. Akawaita watoto wasimame kando yake, mmoja mmoja. Mkubwa, kitambaa kilimfika kiunoni. Wa pili, begani. Mdogo kabisa, kilimpita kichwa.

Akaniambia nikalete rangi.