Vyombo vya mtandaoni katika darasa langu la Kifaransa

Kwa mwalimu wa Kifaransa jijini Nairobi, sarufi si tatizo kubwa. Wanafunzi wetu tayari wanamudu lugha mbili au tatu, na ngeli za Kiswahili zimewazoesha upatanisho wa kisarufi kabla hawajakutana na jinsia za nomino za Kifaransa. Tatizo ni sauti. Mwanafunzi anayeishi Kayole au Umoja anaweza kumaliza muhula mzima bila kumsikia mtu akizungumza Kifaransa isipokuwa mwalimu wake, ilhali KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, utamtaka asikilize na kujibu, kisha aketi mbele ya mtahini azungumze. Ndiyo maana muhula huu nimekuwa nikijaribu vyombo mbalimbali vya sauti na video vinavyopatikana mtandaoni, na kila kimoja nimekipima kwa swali moja: je, kinamfanya mwanafunzi asikilize vizuri zaidi na kufungua kinywa?

Kilichonifaa kuliko vyote ni redio. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, hutoa kila siku taarifa ya habari ya dakika 10 iitwayo Le Journal en français facile, ambamo watangazaji hufafanua maneno na matukio yenye utata, na maandishi yake huwekwa kwenye tovuti. Sisi wa Afrika Mashariki tuna faida ya ziada, kwa kuwa RFI hiyo hiyo imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 2010. Kwa hiyo huwasikilizisha wanafunzi wa kidato cha tatu habari ya Kiswahili kwanza, tuseme kuhusu hali ya mashariki mwa Kongo, tukaijadili kidogo, ndipo ninapowawekea habari ya tukio hilo kwa Kifaransa. Anayejua tayari kinachozungumzwa hababaiki: akisikia Goma au Kinshasa anatambua mtangazaji amefikia wapi, na masikio yake yanakuwa na nafasi ya kunasa vitenzi. Maandishi siyatoi mapema, la sivyo kipindi cha kusikiliza kinageuka kuwa cha kusoma.

Tovuti ya TV5MONDE, televisheni ya kimataifa ya lugha ya Kifaransa, nayo ina video fupi zenye mazoezi ya kiwango cha A1 (anayeanza) hadi B2 (kati ya juu), na ni ya bure. Walimu wenzetu wa somo la Kijerumani wanayo Nicos Weg ya Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani, kozi nzima ya video isiyolipiwa, na sitaficha kwamba nawaonea wivu.

Kuhusu kuzungumza, chombo nilichokithamini zaidi hakina mapambo yoyote. Audacity ni programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, na ukishaipakua haihitaji intaneti tena. Nachukua sentensi chache za msemaji mzawa, napunguza kasi bila kuharibu kimo cha sauti, kisha naacha pengo la kimya baada ya kila sentensi ili mwanafunzi ajirekodi humo. Kiswahili hakina irabu za puani, yaani zinazotamkwa hewa ikipitia pia puani, hivyo vent (upepo), vin (divai) na vont (wanaenda) zikitoka vinywani mwa wanafunzi wetu huelekea kufanana, huku kila moja ikimalizikia kwa n nzito. Nikimsahihisha mwanafunzi mbele ya darasa, anaitikia “ndiyo, mwalimu” na kurudia kosa lile lile. Akijisikia mwenyewe mara tu baada ya msemaji mzawa, mambo hubadilika. Kijana mmoja mkimya wa safu ya nyuma alicheka sauti yake, akafuta, akarekodi upya, akafuta tena, na kengele ilipolia bado alikuwa ameng’ang’ania vin. Sikuwa nimemwambia arudie.

Kahoot, michezo ya maswali kutoka Norway ambayo shule nyingi zinaipenda, imenivutia kidogo tu. Simu haziruhusiwi shuleni kwetu, kwa hiyo wanafunzi hugawana kompyuta za maabara na nusu ya muda huishia katika kugombania kipanya. Isitoshe, mshindi huwa ni yule anayesoma haraka, ambaye si lazima awe anayesikia vizuri. Naitumia Ijumaa alasiri, darasa linapokuwa limechoka, na siitarajii zaidi ya hapo.

Gharama ya bando ndiyo inayoamua mengi. Video ikichezwa moja kwa moja darasani hula data haraka na hukwama katikati ya sentensi, jambo linaloua usikivu wa darasa zima. Sauti ni nyepesi zaidi: vipindi vya RFI napakua usiku nyumbani, naviweka kwenye flashi, na asubuhi kila kompyuta inapata nakala yake, hata mtandao wa shule ukiwa umepotea. Kinachobaki kutatuliwa ni maikrofoni, kwani zile za bei nafuu tulizo nazo hunasa honi za matatu zilizoko barabarani pamoja na mwanafunzi. Muhula ujao nitaomba chumba cha nyuma cha maktaba, chenye dirisha moja linalofungika vizuri, kwa ajili ya kurekodi mazoezi ya mtihani wa mazungumzo.