Namba -16 moja, makosa mawili

Siku tatu nzima nilisaka kosa moja, kumbe yalikuwa mawili yaliyovaa namba moja.

Nilikuwa naandika draiva ya Linux, yaani programu ya kuiendesha kadi ya PCI inayochomekwa ndani ya kompyuta. `insmod`, amri ya kupakia moduli ya draiva kwenye kerneli (kiini cha mfumo), ilipita bila lalamiko, lakini kadi ilikaa kimya, na kwenye `dmesg` (orodha ya ujumbe wa kerneli) nikaona `probe`, sehemu ya draiva inayoianzisha kadi, imeshindwa kwa -16, yaani EBUSY: kitu unachoomba kimeshashikwa. Nikaitoa moduli, nikarekebisha, nikakompaili, nikaipakia tena. -16 ile ile. Nikaanza kuishuku kadi, nikazima mashine na kuihamishia sloti nyingine.

Kadi ilikuwa nzima. Ila mashine ilipowaka, nikagundua kwamba ujumbe wa jaribio la kwanza haufanani na wa jaribio la pili. Wa kwanza ulikuwa huu:

`genirq: Flags mismatch irq 16. 00000000 (jaribio) vs. 00000080 (ehci_hcd:usb1)`

Wa pili ulisema `BAR 0: can't reserve`, yaani eneo la kumbukumbu la kadi haliwezi kutengwa. Mimi siku zote nilikuwa natazama namba tu, maneno ya juu yake nayaruka.

IRQ ni laini ambayo kifaa hutumia kuiita CPU. Ile 00000080 ndiyo bendera ya IRQF_SHARED, inayoruhusu vifaa kadhaa kutumia laini moja. Kidhibiti cha USB kilikuwa tayari kwenye laini ya 16 na kimekubali kushirikiana; draiva yangu iliitaka laini peke yake, ikanyimwa. Hilo ndilo kosa la kwanza.

La pili ni langu kabisa. `request_irq`, yaani ombi la laini, iliposhindwa, `probe` yangu ilirudisha kosa papo hapo bila kuachia eneo la kumbukumbu lililokwisha kuombwa kwa `pci_request_regions`. Na `probe` ikishindwa, kerneli haiiti `remove`, kwa hiyo hata `rmmod` (amri ya kuitoa moduli) haikuachia chochote. Nilifungua `/proc/iomem`, orodha ya maeneo ya kumbukumbu yaliyoshikwa, kama root, yaani msimamizi wa mfumo (mtumiaji wa kawaida huonyeshwa sifuri tupu kwenye anwani) nikakuta eneo la kadi bado limeshikwa, na mahali pa jina pana herufi zisizosomeka. Jina lilikuwa linaelekeza kwenye kumbukumbu ya moduli niliyokwisha kuitoa. Hali hiyo ni ya hatari, maana kuusoma tu mstari huo kunaweza kuiangusha kerneli. Nikawasha mashine upya.

Nikaiandika upya njia ya kushindwa kwa `goto` (amri ya kurukia mstari mwingine), kuachia kukienda kinyume cha kuomba: kwanza `pci_iounmap`, kisha `pci_release_regions`, mwisho `pci_disable_device`. Nikaongeza IRQF_SHARED. Safari hii nikapata -22, yaani EINVAL: hoja isiyo sahihi, na nilifurahi kuiona, kwa sababu lilikuwa kosa jipya na eneo la kumbukumbu lilikuwa limeachiwa. Laini ya kushirikiana inadai `dev_id` (kitambulisho cha kifaa) isiyo NULL, yaani isiyo tupu, ili `free_irq` ijue imwondoe nani. Nikaipa pointa (anwani ya kumbukumbu) ya muundo wa kifaa changu.

Kazi kubwa iliyobaki ilikuwa ndani ya kishughulikiaji chenyewe, kipande cha draiva kinachojibu wito wa laini. Sasa kinaamshwa hata USB inapoita, kwa hiyo kinasoma kwanza rejista ya hali ya kadi, na kama wito si wake kinarudisha IRQ_NONE.

Kwenye `/proc/interrupts`, mstari wa 16 una majina mawili sasa. Nimepakia na kutoa moduli mara hamsini mfululizo, na kila ninapoitoa, jina la `jaribio` linatoweka kwenye `/proc/iomem`.