Kujiendeleza kitaaluma si kukusanya vyeti tu

Katika kufundisha chuo kikuu nimeona kwamba wanafunzi wengi wanathamini sana kujiendeleza kitaaluma, ila thamani hiyo huipima kwa vyeti. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho yuko tayari kuhudhuria semina hata siku ya mapumziko iwapo atapewa cheti cha kuweka kwenye wasifu wake, lakini mazungumzo na mtaalamu mzoefu, yasiyo na cheti, huhudhuriwa na wachache. Simlaumu, kwa kuwa waajiri ndio waliomzoesha hivyo. Kinachonisikitisha ni kwamba anahitimu akiamini kuwa kujiendeleza ni kuongeza maarifa juu ya maarifa, ilhali mara nyingi ni kuyaacha yale tuliyofundishwa kwa uhakika kabisa.

Daktari aliyehitimu mwaka 1980 alifundishwa kwamba vidonda vya tumbo hutokana hasa na asidi na msongo wa mawazo. Mwaka 1982, huko Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kuotesha maabarani bakteria aina ya Helicobacter pylori kutoka kwa wagonjwa, na baada ya ubishi wa miaka mingi ikakubalika kwamba wengi wenye vidonda hivyo wanaweza kuponywa kwa antibiotiki. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Shahada ya daktari yule iliendelea kuwa halali wakati wote huo, lakini mgonjwa aliyetibiwa kwa maarifa ya 1980 peke yake aliendelea kuumwa bila sababu. Hata wahasibu, ambao kazi yao hudhaniwa haibadiliki, walilazimika kujifunza upya namna ya kuonyesha mali za kukodi kwenye mizania pale kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 16 kilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019.

Bodi za kitaaluma zinalijua jambo hili, ndiyo maana bodi nyingi za wahasibu huwataka wanachama wao watimize saa 120 za mafunzo kwa kila miaka 3. Utaratibu huo una faida yake, ingawa saa zenyewe huthibitisha mahudhurio kuliko mabadiliko ya utendaji.

Wanafunzi wanaorejea kutoka mafunzo kwa vitendo huwa wamebadilika. Wamekutana na hali ambazo kitabu hakikuzitaja, wakawaona wakongwe wa kazi wakiulizana na kusoma upya, na sasa wanauliza kwa nini kanuni fulani inatumika na itakoma kufaa wapi. Shauku hiyo haipaswi kusubiri mafunzo ya vitendo. Kwa sababu hiyo, ninapofundisha nadharia yoyote huanza na ile iliyoitangulia na ushahidi uliofanya iachwe, na katika mtihani huweka swali moja linalomtaka mwanafunzi aeleze ni ushahidi gani ungemfanya abadili jibu lake.