Mguu uliobaki Arusha

Saa tano na nusu usiku. Baba Nuru anakoroma chumbani, mbwa wetu Watasema anakoroma sebuleni, wanapokezana kama waliopangiana zamu. Mimi niko jikoni na chai iliyopoa. Tangu Jumapili iliyopita kuna maneno mawili ya Babu Nuru yamenikaa kama mwiba wa samaki. Mawili tu: "Peke yake?"

Tulikuwa tumepanda Old Moshi, mimi na watoto. Mzee tulimkuta kando ya banda la ng'ombe anakatakata mgomba kwa panga. Nikaamkia, akaitika bila kuinua uso. Watoto wakaenda zao kwa bibi yao kutafuta maparachichi. Nikabaki nimesimama, maana baba mkwe wangu huwezi kumkimbia mara tu baada ya shikamoo.

"Nasikia mmemkata mbwa mguu."

"Ndiyo, baba. Ulikuwa na saratani."

"Mguu wenyewe mmeuacha wapi?"

"Arusha."

"Arusha wapi?"

"Kwa daktari, baba."

Panga likashuka mara mbili. Chap, chap.

"Peke yake?"

Nami, mtu mzima, mama wa watoto wawili, keshia wa SACCOS ninayeongea na watu kutwa nzima, nikajibu, "Ndiyo."

Basi. Akamwaga vipande kwenye hori, akauliza kama mvua huko chini imenyesha. Hakunigombeza. Angenigombeza ningelala.

Nimeirudia hiyo "ndiyo" yangu njia nzima kwenye hiace, nikairudia Jumatatu dirishani huku nahesabu pesa za watu. Ningeweza kusema, "Daktari ameutunza." Ningeweza kusema sikuuliza, ambao ndio ukweli. Lakini nilisema ndiyo, kama vile nilipita nikauona umelala mahali, nikaaga, nikaondoka.

Asiyetoka huku ataona ni maneno ya mzee tu. Sisi mtu akifia Dar es Salaam, akifia Mwanza, akifia hata Ulaya, watachanga, atasafirishwa, atalala kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, karibu na mimea ya masale. Kumwacha mtu alale ugenini ni habari ya kusimuliwa vizazi viwili. Najua Watasema ni mbwa. Babu naye anajua, tena kuliko mimi, kwa sababu huu mwaka wa nane anakataa kupokea salamu yake.

Hapo ndipo panaponiuma. Watasema alifundishwa na mwanangu Elia kutoa mkono, na mwalimu mwenyewe anatumia kushoto, kwa hiyo mbwa naye akashika kushoto. Mgeni akikaa tu, mkono huo juu ya goti. Wengine wanacheka, wanaupokea. Babu aliutazama siku ya kwanza akasema, "Mbwa gani huyu, anasalimia wakubwa kwa kushoto?" Tangu hapo akija anakaa mikono ameiweka kwapani. Mbwa hakati tamaa, mzee hakati tamaa. Sasa ule mkono wa kushoto ndio tuliouacha Arusha.

Wanaosoma hapa siku zote mnakumbuka ulivyoanza. Alichechemea Februari, tukadhani ni jiwe la watoto wa jirani. Kukawa na uvimbe juu kidogo ya kifundo, mgumu, hauhamishiki ukiubonyeza. Mtaalamu wa kwanza, sitamtaja, alisema ameteguka, akamchoma sindano, tukarudi mara tatu, tukalipa mara tatu. Wiki ya nne mbwa akaanza kulia usiku. Mbwa wa kilo 34 analia kama kitoto cha mbuzi.

Arusha wakampiga picha. Daktari akaiweka kwenye mwanga akaniita niangalie. Mfupa ulikuwa umebunguliwa kama punje ya mhindi ghalani, na pembeni umetoa miiba miiba. Osteosakoma, saratani ya mfupa. Akaniambia kwa mbwa wakubwa ndiyo inayoonekana zaidi, na ina sehemu zake inazopenda: mguu wa mbele hukaa mbali na kiwiko, wa nyuma hukaa karibu na goti. Wetu ulikuwa palepale. Nikamuuliza ukimkata mguu atapona? Alikuwa mkweli, namshukuru.

"Mama, atapona maumivu. Ugonjwa ni habari nyingine."

Kwamba hadi uvimbe unaonekana, kwa mbwa walio wengi mbegu zimeshafika kwenye mapafu hata kama picha ya kifua ni safi, kwa sababu zikiwa ndogo picha haizioni. Kwamba wengi wanaokatwa tu huishi miezi 4 hadi 6, na wakitundikiwa dawa ya saratani kila baada ya wiki 3, mara kadhaa, wengi hukaribia mwaka. Bei ya hiyo dawa niliiandika nyuma ya risiti na risiti nimeikunja nimeiweka kwenye Biblia. Baba Nuru hajaulizia. Mimi sijasema. Tutafika.

Wiki hii ni ya sita tangu akatwe. Walitoa mguu mzima na bega lake, ili kisibaki kigutu cha kugonga gonga chini. Wiki ya kwanza sikuweza kumwangalia upande huo. Wamemnyoa hadi ubavuni, ngozi ya waridi ambayo hatujawahi kuijua, mshono umepita kama gunia la mahindi lililofungwa kwa haraka, na chini ya kifua damu imevilia ikageuka rangi ya zambarau. Tukamvalisha fulana ya michezo ya Elia ili asilambe. Namba tisa mgongoni. Watoto wa mtaa wakasema Watasema amesajiliwa.

Kumbe mbwa hubeba uzito wake mwingi mbele, kama asilimia 60, kwa hiyo akikosa mguu wa mbele ndio mtihani. Vigae tulivyoviringia sebuleni vikawa adui. Nimetandika mikeka na magunia kuanzia mlangoni hadi kwenye bakuli lake, nyumba imekuwa kama kilabu cha mbege, na sijali. Siku ya kumi na moja alinyanyuka mwenyewe akaenda kukojoa, akarudi akidunda kichwa juu-chini, juu-chini, kama anakubaliana na kila mtu. Mama Aneth wa dirisha la pili akashauri nimpe diklofenaki, yeye inamsaidia mgongo. Nikamwambia daktari amenitisha: hizi dawa zetu za maumivu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumuua figo. Akanitazama kama nimemwambia mbwa ana bima.

Dawa ya neva ndiyo ya binadamu, gabapentini, kwa cheti cha daktari. Duka la dawa nililokwenda yule binti akachukua kalamu.

"Mgonjwa ana miaka mingapi?"

"Minane."

"Uzito?"

"34."

Akaniangalia. "Mtoto ana afya."

"Tunashukuru."

"Jina lake?"

"Watasema."

"Watasema nini?"

Hapo ilibidi nieleze, na foleni nyuma yangu ikasikia yote. Kwamba baba yake alimpa jina hilo tulipohamia Rau nyumba haijapigwa hata plasta, madirisha tumeziba kwa mabati, halafu tunafuga mbwa mkubwa. Watasema wanalinda nini. Na kweli walisema. Sasa wanasema mengine, kwamba hela ya kukata mguu wa mbwa tungeezeka banda la kuku, na wala hawajakosea hesabu.

Basi wiki imekwenda hivyo. Meneja wetu kaacha kazi, mto umefurika ukachukua bustani ya jirani, sendofu ya wifi yangu imepita salama jana, na katikati ya yote hayo mimi nawaza mguu.

Ijumaa mchana nikashindwa. Nikatoka nyuma ya ofisi, pale kwenye tangi la maji, nikapiga simu Arusha. Akapokea yule kijana msaidizi.

"Naulizia mguu," nikasema.

"Mguu upi, mama?"

"Wa mbwa. Watasema. Wa Moshi."

Kimya. Nikasikia anamwita mtu, nikasikia mlango. Akarudi. "Mama, ule tulishachoma. Vitu vyote vya operesheni tunachoma. Ungetuambia mapema tungekufungia."

Tungekufungia! Kama mabaki ya sherehe. Nikajiona ndani ya kirikuu siku ile, mbwa nyuma amelewa dawa, mguu mapajani kwenye mfuko, na yule trafiki aliyetusimamisha Usa River akiuliza umebeba nini, mama. Nilikuwa nimeanza kucheka, lakini swali lenyewe likatoka kabla sijalizuia.

"Mliuchoma peke yake?"

Kijana wa watu akafikiri. Alifikiri kweli, ninamheshimu kwa hilo. "Siku ile? Hapana, mama. Kulikuwa na mambo ya paka wawili. Tuliwafunga uzazi asubuhi."

Nilikaa chini kwenye ndoo nikacheka hadi Mama Aneth akaja kuangalia kama nimefiwa. Siku tano nimebeba mzigo, kumbe hakuwa peke yake. Alikuwa na sehemu za paka wawili, yeye ambaye paka akipita ukutani alikuwa anaita mtaa mzima kushuhudia. Nikatamani Babu awe na simu inayoshika mtandao.

Nikajipanga. Mzee alikuwa anashuka Jumamosi kwa ajili ya sendofu, angepitia kwetu kubadilisha shati. Usiku mzima wa Ijumaa nilitunga. "Baba, lile swali lako la Jumapili." Hapana. "Baba, nimeulizia, haukuwa peke yake." Akiniuliza ulikuwa na nani? Sehemu gani za paka? Mkwe na baba mkwe wanaongeleaje uzazi wa paka? Nikaacha mengine mikononi mwa Mungu.

Amefika saa saba na mkungu wa ndizi na maziwa kwenye dumu. Nikampokea, nikamtolea kiti barazani kwenye kivuli. Akakaa, mikono kwapani, kama kawaida. Watasema akasikia sauti, akaja akidunda juu ya magunia, kile kichwa cha kukubali kila kitu. Alikwisha kuvuliwa fulana, nywele zimeanza kuota, fupi kama za mtoto aliyetoka kunyolewa. Akakaa mbele ya mzee, akajiegemeza mguu wa meza kwa sababu ameshagundua anaanguka akikaa wima.

Halafu nikaona. Daktari alishaniambia ubongo unachelewa kupata habari, unaendelea kutuma watu kwenye kiungo ambacho hakipo. Pale palipokuwa bega, nyama chini ya ngozi ikaruka. Ikatulia. Ikaruka tena, na kifua chote kikaenda mbele kidogo, macho yake yako usoni kwa mzee, anasubiri. Alikuwa ametoa mkono.

Nikageukia dumu la maziwa, nikajifanya nafuta kifuniko.

"Marahaba," nikamsikia Babu anasema.

Nilipogeuka mikono bado iko kwapani na anatazama barabarani, kwenye bodaboda. Watasema alikuwa ameshalala chini na kidevu kwenye kiatu cha mzee, kile cha sendofu, kilichopigwa rangi asubuhi. Mzee hakukiondoa. Akauliza shati lake limepigwa pasi? Nikasema limepigwa, baba. Habari ya paka sikuigusa.

Leo mbwa amekula ugali wote na dagaa wake, kidonge nimekificha kwenye ndizi ya Babu, amekimeza kwa mara ya kwanza bila kunitemea mkononi. Picha ya kifua anarudia mwezi ujao. Nilikuwa nimekusudia kuandika hayo tu, nikalale.

Ila kuna kitu kingine. Ijumaa hiyohiyo, baada ya simu, nilirudi dirishani macho bado yana machozi ya kicheko, na jioni nikafunga hesabu nikakuta imepungua shilingi 20,000. Nimehesabu mara tatu. Nimepitia stakabadhi zote kwa kichwa tangu jana hadi leo kanisani, wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe. Kulikuwa na mzee wa Kiboriloni aliyetoa 480,000, noti mpya zile zinazogandana, na sikumbuki kama nililowesha vidole. Sijui kama ni yeye. Kesho saa mbili asubuhi kaimu meneja anafungua kabati, na ni siku yake ya kwanza.