Nta ya skii: pima theluji kwanza, ndipo uwashe pasi

Mzazi anayeishi Norway ataletewa tu siku moja karatasi ya shule: wiki ijayo darasa linakwenda kwenye skii. Familia nyingi hununua skii za mtumba, huzifuta vumbi, mtoto akaenda nazo zilivyo. Njiani wenzake wanateleza hata kwenye mteremko mdogo, yeye anasukuma kila hatua, na kufika saa sita mchana ameshauchukia mchezo. Mara nyingi mtoto hana tatizo lolote. Skii zake ndizo zina njaa ya nta.

Hapa tunazungumzia nta ya kuteleza, ile inayoyeyushwa kwa pasi na kupakwa upande wa chini wa skii. Nta ya mshiko, inayopakwa katikati ya skii za mtindo wa klasiki ili zisirudi nyuma kwenye mpando, ni somo jingine, na nta hizo mbili zisigusane.

Upande huo wa chini Wanorway huuita såle, yaani wayo, na kwetu jina hilo linafaa vilevile. Wayo wa skii nzuri ni polyethilini iliyotengenezwa kwa kushindilia unga wa plastiki kwa joto na shinikizo. Ukiupasha moto hupokea nta ndani yake. Skii za bei rahisi, zikiwemo nyingi za watoto, zina wayo wa plastiki iliyoyeyushwa na kukamuliwa kupitia tundu, nao hunywa nta kidogo. Hizo nazo hupakwa, ila nta yake huisha mapema zaidi.

Kwa nini kuna nta nyingi badala ya moja? Kwa sababu theluji yenyewe si moja. Kwenye nyuzi −15 chembe za theluji mpya ni kavu, ngumu na zenye ncha. Nta ikiwa laini, ncha hizo huzama ndani yake na kuishika, na skii inakwenda kama imewekwa juu ya mchanga. Theluji ikiwa na nyuzi chache tu chini ya sifuri, msuguano huyeyusha utando mwembamba wa maji kati ya wayo na theluji, na hapo ndipo skii hukimbia kwa raha. Theluji ikifikia sifuri, maji yanazidi. Chukua vipande viwili vya kioo, vilowanishe, vipandanishe, kisha jaribu kuvitenganisha: mnyonyo unaousikia mkononi ndio unaoivuta skii kwenye theluji chepechepe. Basi kwenye baridi kali unataka nta ngumu isiyotoboka, na kwenye majimaji unataka nta laini inayoyakataa maji.

Kabla ya kuchagua, pima. Kipimajoto cha sindano cha dijitali kinatosha, mradi kisome chini ya sifuri. Pima theluji ya njia utakayopita, usipime ya uani kwako. Chomeka sindano kwa ulalo, sentimita moja hivi chini ya uso, mahali penye kivuli, usubiri dakika mbili tatu namba zitulie. Joto la hewa linalotajwa kwenye simu halitoshi. Usiku wenye anga safi, uso wa theluji hupoteza joto lake kuelekea angani ukawa baridi kuliko hewa iliyo juu yake. Mchana wa machi hewa inaweza kufika +6, lakini theluji haivuki sifuri. Inachofanya ni kuyeyuka.

Kisha kamata theluji kwa mkono wenye glavu na kuifinya. Ikipeperuka kama unga, ni kavu. Ikifanya donge linaloshikana, ina unyevu. Ikichuruza maji au kuacha glavu imelowa, ni chepechepe. Kipimo hiki cha sekunde tatu kinakuambia jambo ambalo namba peke yake haisemi.

Rangi za nta zinafuata mpangilio uliozoeleka: kijani kwa baridi kali, halafu buluu, zambarau, nyekundu, na njano kwa theluji ya maji. Kwenye mfululizo wa PS wa kampuni ya nta ya Swix, kwa mfano, buluu ni ya −6 hadi −12, zambarau −2 hadi −8, nyekundu +4 hadi −4, na njano ni 0 hadi +10 (zilizo juu ya sifuri ni za hewa, maana theluji haivuki sifuri). Namba hizo zinapandana, na kwenye mpandano huo ndipo aina ya theluji inapoamua. Theluji iliyoanguka leo ina ncha bado, kwa hiyo nenda upande wa nta ngumu. Theluji iliyokaa siku kadhaa, ikayeyuka na kuganda tena, chembe zake zimekuwa za mviringo kama punje za mtama. Hiyo inakubali nta laini kidogo, ingawa ikiganda usiku kuwa barafu ya changarawe inaikwangua nta haraka, na ngumu hudumu zaidi. Theluji ya mashine ni ya kuheshimu zaidi ya zote. Ni matone ya maji yaliyogandishwa, mazito na makali, na huila nta kama msasa. Kwa hiyo panda daraja moja la ugumu kuliko kipimajoto kinavyosema.

Theluji chafu ya majira ya kuchipua, yenye sindano za misonobari, chavua na mafuta ya mashine za kutengeneza njia, hunata kwenye nta laini. Hapo changanya: nusu njano, nusu nyekundu au zambarau. Nta nyeusi zenye grafaiti nazo zinasaidia kwenye uchafu na pia kwenye baridi kavu, ambako wayo hujijaza umeme tuli.

Ukiwa katikati ya rangi mbili na huwezi kuamua, chukua iliyo ngumu. Huo ndio ushauri tunaoushikilia kuliko wote, kwa sababu makosa mawili haya hayalingani. Nta ngumu kwenye theluji yenye joto kidogo inakupunguzia mwendo. Nta laini kwenye theluji ya baridi inakusimamisha, na huwezi kuitoa ukiwa porini. Kwenye safari ndefu kanuni ni ileile: mbio za skii za Birkebeinerrennet, kilomita 54 kutoka Rena hadi Lillehammer, hupanda mlimani kabla ya kushuka, na anayepaka nta kwa kuangalia joto la mjini peke yake atajuta huko juu. Paka kwa ajili ya sehemu yenye baridi kuliko zote, na sehemu ambayo utakaa muda mrefu.

Sasa kazi yenyewe. Ingiza skii ndani zifikie joto la chumba na zikauke kabisa. Nta haishiki kwenye unyevu. Fungua dirisha. Tandika magazeti sakafuni, maana vipande vya nta vikikanyagwa vinafanya sakafu iteleze kuliko skii. Ziweke wayo juu kwenye benchi au juu ya viti viwili, zifungwe zisicheze.

Kama ni skii za klasiki, kwanza tambua sehemu ya mshiko. Simama juu ya skii zote mbili kwenye sakafu tambarare, uzito ugawanyike sawa, na mtu mwingine apitishe karatasi chini ya skii kwenda mbele na nyuma. Pale karatasi inapokwama mbele na pale inapokwama nyuma ndiyo mipaka, na kwa nyuma mara nyingi ni kisiginoni. Weka utepe wa gundi kwenye alama. Nta ya kuteleza inapakwa nje ya mipaka hiyo, mbele na nyuma tu. Ikiingia katikati, nta ya mshiko itabanduka. Skii za mtindo wa kuteleza kama bata (skating, miguu ikisukuma kwenda pembeni) hupakwa wayo mzima. Skii zenye ngozi ya manyoya katikati zisipitishwe pasi juu ya ngozi hiyo hata kidogo, na zenye magamba zipakwe nta ya kimiminika kwenye magamba.

Safisha kwa nta yenyewe. Yeyusha nta laini ya njano juu ya wayo, ipitishe pasi, na uikwangue ingali ya moto. Utaona inatoka ya kijivu. Huo ndio uchafu uliokuwa ndani. Rudia mpaka itoke safi. Vimiminika vikali vya kuondolea grisi viache kwa ajili ya sehemu ya mshiko, maana kwenye wayo wa kuteleza vinanyonya nta iliyokwisha kuingia. Maliza kwa brashi ya shaba, mapitio kumi kutoka puani kwenda mkiani. Mwelekeo huo haubadiliki katika hatua yoyote.

Pasi iwe ya skii. Ya nguo ina matundu ya mvuke yanayomeza nta, na joto lake hupanda na kushuka sana kati ya kuwaka na kuzimika. Weka nyuzi 120 hivi kwa njano, 130 kwa nyekundu, 140 kwa zambarau, na 150 au zaidi kwa nta za baridi kali. Pakiti itakupa namba kamili. Nta ikitoa moshi, pasi ina moto mno. Punguza, usiuvute moshi huo.

Shika pasi ncha ikiangalia chini, gandamiza kipande cha nta kwenye bamba lake, na uchirizishe matone kila upande wa mfereji wa katikati, umbali wa sentimita mbili tatu. Gramu tano hivi zinatosha kwa skii moja nyembamba. Nta ya baridi kali ni ngumu na hudondoka vibaya, kwa hiyo igusishe kwenye pasi kisha uisugue kwenye wayo kama chaki.

Halafu pitisha pasi kutoka pua hadi mkia, polepole bila kusimama. Angalia nyuma ya pasi: utaona ulimi wa nta iliyoyeyuka, unaong'aa kama samli ya moto, kisha unafifia na kuwa mweupe. Ulimi huo uwe na urefu wa sentimita 5 hadi 10. Ukiwa mfupi zaidi, nta haijaingia, ongeza joto au punguza mwendo. Ukizidi sentimita 15, unaukaanga wayo. Polyethilini ya wayo huyeyuka kwenye nyuzi 130 na kitu, yaani pasi yako huenda ina moto kuliko plastiki inavyoweza kustahimili. Kinachoiokoa ni mwendo wa pasi na utando wa nta ulio katikati. Ndiyo maana usipitishe pasi palipo pakavu, wala usisimame kupokea simu. Mapitio matatu au manne yanatosha. Gusa upande wa juu wa skii kwa kiganja, ukiwa na uvuguvugu acha.

Iache ipoe humo humo ndani, nusu saa au zaidi. Ukiitoa nje kwenye baridi ili kuharakisha, wayo na nta hujikunja ghafla na nta hutemwa. Nta za kijani na buluu ndizo zina utaratibu tofauti kidogo: safisha mfereji na kingo mara tu baada ya pasi, kabla hazijagandamana, kwa sababu zikipoa kabisa hupasuka vipande vipande.

Katika kukwangua, anza na mfereji kwa kijiti cha plastiki chenye ncha ya mviringo, halafu pande, mwisho wayo kwa kibao cha plastiki. Kibao kiwe na ukingo mkali. Kikiwa butu utagandamiza kwa nguvu na kuacha nta nusu. Kiinamishe kuelekea unakokwenda, mapitio mengi mepesi, hadi kisitoe tena maganda. Usitumie chuma. Wengi huogopa hapa, wanaona kama wanatupa walichopaka. Nta inayofanya kazi imo ndani ya wayo. Iliyobaki juu inakuzuia, na kwenye baridi inakuzuia sana.

Brashi ya shaba inafuata, mapitio kumi na tano, kuitoa nta kwenye mistari midogo iliyochorwa kwenye wayo. Mistari hiyo ndiyo njia ya maji, na ikiziba, mnyonyo unarudi hata ukiwa na nta sahihi. Kisha brashi ya nailoni mpaka isitoke vumbi jeupe, na kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Ukipitisha kucha kwenye wayo na ikabeba nta, hujamaliza.

Yako matatizo yanayojirudia. Kingo za wayo zikiwa nyeupe na kavu, theluji kali imeimaliza nta hapo. Paka ngumu zaidi, safu mbili. Theluji ikigandamana chini ya skii mwanzoni kabisa mwa safari, huenda uliziweka kwenye theluji zikiwa na joto la sebuleni, ikayeyuka na kuganda upya. Zisimamishe nje robo saa kwanza. Zikikimbia vizuri kilomita mbili tu kisha zikashika, nta ilikaa juu bila kuingia.

Nta za kupaka kwa sponji zinafaa kwa siku moja ya shule, na ni bora mara nyingi kuliko kutopaka. Ukipewa nta za zamani zenye fluori, usizipashe moto. FIS, shirikisho la kimataifa la skii, imezipiga marufuku kwenye mashindano yake tangu msimu wa 2023/24, na kemikali zake hukaa mwilini na ardhini miaka mingi. Mabaki yoyote ya nta yakusanye kwenye taka, yasiende kwenye sinki.

Msimu ukiisha, safisha, paka safu nene ya njano hadi kwenye kingo, na uiache bila kukwangua hadi theluji ya kwanza ianguke.